Hesabu ya Mtoto wa Fundi Viatu

Mwalimu wa darasa la kwanza alimwaga vizibo vya soda mezani, akachagua sita, akavipanga mstari mmoja mbele ya mtoto.

"Haya, mama. Hivi ni vingapi?"

Mtoto mwenyewe mtaa mzima ulimwita Gundi, kwa jinsi alivyokuwa akimganda baba yake tangu alipojua kutembea. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alisogeza vizibo viwili vikakaa pamoja, akasogeza viwili vingine, akamalizia na viwili vya mwisho. Kisha akajibu kwa sauti ya mtu mwenye duka lake.

"Vitatu."

Baba yake, fundi viatu, alikuwa amekalia kiti cha watoto, magoti yamekaribia kidevu. Alicheka kidogo akidhani binti yake anafanya masihara. Mwalimu hakucheka. Aliondoa kizibo kimoja.

"Na sasa?"

Gundi alikitazama kile kilichobaki peke yake, akakionea huruma.

"Viwili. Hiki kinasubiri mwenzake."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Hajaletwa."

Mwalimu alivikusanya vizibo vyake akavirudisha kwenye kopo. Hakuwa mtu mbaya, ieleweke hivyo. Tangu asubuhi alikuwa amewapima watoto wengi kuliko viti alivyonavyo, na sauti ilikuwa imeanza kumkauka. Alimtuma Gundi akatazame picha ukutani, akainama kumwelekea baba.

"Fundi, mtoto mchangamfu, sikatai. Ila hesabu bado. Anataja mpaka ishirini kama wimbo, lakini ukimwekea vitu mbele yake anabahatisha. Nikimpokea hivi, wenzake watakuwa wanampita kila siku, mwisho aichukie shule. Arudi chekechea mwaka mmoja."

"Mwaka mzima, mwalimu? Wenzake wote wa pale mtaani wanaingia la kwanza."

"Najua. Ndiyo maana nakupa nafasi nyingine. Mlete Ijumaa ijayo nimpime tena. Ila mumfundishe, fundi. Hesabu za mtoto huanzia nyumbani, haziji kuanzia hapa."

Maneno hayo yalimchoma fundi kuliko sindano zake zote. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja, kila alipopata nafasi na hata alipokuwa hana, kwamba binti yake ana kichwa cha hesabu. "Huyu atakuwa mhasibu," alikuwa akisema huku misumari midogo ikiwa katikati ya midomo. Sasa alitoka nje na kuwakuta kwenye benchi wazazi wale wale aliowatambia, wengine wamevaa viatu alivyowashonea mwenyewe.

"Vipi, mhasibu wetu kapita?" mmoja akauliza.

"Mwalimu anataka kumwona tena."

"Kumwona tena kwa uzuri au kwa ubaya?"

Fundi alijifanya hakusikia. Alimshika Gundi mkono wakaondoka, mtoto akirukaruka njia nzima, kwa maana yeye alijua amejibu vizuri.

Nyumbani sare mpya ilikuwa imeshaning'inizwa kwenye msumari, imepigwa pasi mpaka mikunjo ya sketi imesimama. Mama Gundi alikuwa dobi. Nguo za watu ndizo zilizoijaza nyumba yao ya vyumba viwili: chafu mlangoni, safi kitandani, na za kunyooshwa juu ya meza ambayo familia ilitakiwa kulia chakula. Aliposikia habari aliweka pasi chini, akaitazama ile sare, kisha akaitoa msumarini na kuikunja taratibu. Fundi angefurahi zaidi kama angefoka.

Jioni ile ile masomo yakaanza. Fundi alikuwa ameokota kokoto, akazisafisha vizuri kama zingeliwa.

"Taja moja mpaka kumi."

Gundi akataja, akapitiliza hadi ishirini kwa mbwembwe.

"Vizuri sana. Sasa hizi ni ngapi?" Aliweka kokoto nane.

Mtoto akazipanga, akafikiri. "Nne."

"Tazama tena."

"Nne, baba."

Fundi akazihesabu mwenyewe, kidole juu ya kila kokoto, moja hadi nane. Gundi alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwona mkubwa akikosea na hataki kumwaibisha. Wakarudia. Wakarudia tena. Kadiri baba alivyopandisha sauti ndivyo mtoto alivyoshusha yake. Ikawa nne, ikawa nne kwa kunong'ona, na mwisho ikawa midomo inayochezacheza tu.

"Kichwa chako kigumu kuliko soli ya buti!" fundi akafoka. "Akili umeiweka wapi?"

Neno likitoka halirudi. Gundi hakulia. Alikusanya kokoto zote, akazirudisha kwenye mfuko wa baba yake, akasema, "Samahani, baba," akaenda nyuma ya pazia kwenye godoro lake. Ile "samahani" ndiyo iliyommaliza fundi.

"Umeridhika?" mama Gundi akauliza.

"Samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje. Nani kakwambia umvunje?"

Kesho yake Gundi hakwenda kibandani. Ilikuwa mara ya kwanza. Kila siku alipotoka chekechea alipitiliza moja kwa moja kwa baba yake, akakaa kwenye debe lililopinduliwa, akapitisha alasiri nzima akimpa nyundo, akimpa uzi, akiwaambia wateja waje lini. Siku hiyo debe lilibaki tupu. Kila mteja aliyefika aliuliza, "Leo uko peke yako?" na fundi alijibu, "Amechoka." Alijipiga nyundo kidoleni kwa sababu ya kutazama njia. Hakuwa na wa kumpulizia.

Nyumbani mtoto alikaa kwenye kona akichezea kitambaa. Mama yake alikuwa akinyoosha shati la mteja, jicho moja kwenye kola na jingine kwa binti yake. Huzuni ya mtoto haifichiki, na kila mama anajua dawa yake ya kwanza ni kumtuma.

"Gundi, nenda nje kwenye kamba uniletee vibanio vinne."

Gundi akaenda. Alirudi ameshika vibanio mikono yote miwili, akaviweka mezani viwili viwili. Vilikuwa vinane.

"Nimesema vinne, Gundi."

"Ndiyo." Mtoto akagusa vya kwanza viwili kwa pamoja. "Moja." Akagusa viwili vinavyofuata. "Mbili." Akamaliza. "Tatu. Nne." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akisubiri kufokewa.

Mama Gundi alibaki ameganda. Aliwaza jinsi anavyoanika: kila shati vibanio viwili, kila suruali vibanio viwili. Akaviwaza viatu vya kibandani kwa mumewe. Aliiona hesabu nzima ya binti yake kwa mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, imenyooka kama mstari wa pasi. Na pasi yenyewe ilikuwa bado juu ya shati la watu, kwa hiyo moshi ndio uliomzindua. Akainyanyua, akaitupa pembeni, akakaa juu ya rundo la nguo chafu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, shati limeungua."

"Liache liungue! Njoo hapa. Njoo, mhasibu wangu."

Alimkumbatia mtoto aliyekuwa haelewi amefanya nini kizuri. Dakika ile ile walikuwa njiani kwenda kibandani, mama yuko mbele na kanga imefungwa shingoni, mtoto anakimbia nyuma.

Fundi alikuwa na utaratibu wake wa kazi, na aliushika kama dini. Kiatu kikifika hupewa uzi kabla hata hakijakaguliwa. Viwili hufungwa pamoja, kwa sababu zamani aliwahi kukipoteza kimoja cha jozi na mteja akamtangazia mtaa mzima. Jozi iliyofungwa hupandishwa rafuni, nayo huhesabiwa moja. Kiatu kilicholetwa peke yake, labda mwenzake bado amevaliwa au ameliwa na mbwa, huingia kwenye beseni chini ya meza na hakihesabiwi kabisa. Kila jioni kabla ya kufunga, fundi alimwinua Gundi begani ahesabu rafu. Tangu mtoto hajajua hata kutamka sita vizuri. Ilikuwa ndiyo saa tamu kuliko zote katika siku ya fundi.

"Gundi," mama yake akasema bila hata salamu, "mhesabie baba viatu."

Mtoto alimtazama baba yake kwa woga. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu, akahesabu mafungu yale moja moja. Yalikuwa saba.

"Na vya kwenye beseni?"

"Vile havihesabiwi," Gundi akasema kwa sauti ndogo. "Baba alisema havihesabiwi mpaka wenzao waje."

Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Aliutoa. Alitazama rafu, akatazama beseni, akamtazama mkewe ambaye alikuwa amesimama mikono kiunoni, tayari kabisa.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," mama Gundi akasema. "Mwalimu kasema kweli. Hesabu zimeanzia nyumbani."

"Mungu wangu," fundi akasema. "Kumbe nimemfundisha mwenyewe. Na nikamtukana kwa kunisikiliza."

Alishuka kwenye kiti akapiga magoti kwenye vipande vya ngozi, uso wake ukawa sawa na wa binti yake.

"Nisamehe, mwanangu. Kichwa chako hakina kasoro. Mdomo wangu ndio mbovu."

"Haya," Gundi akasema. Lakini alibaki kashika kanga ya mama yake.

Baba wengi wangefikiri kazi imekwisha hapo. Fundi naye alifikiri hivyo. Alifungua uzi wa jozi moja kwa furaha, akaviweka viatu mbali mbali mezani. "Sasa tunahesabu kimoja kimoja. Hiki na hiki. Vingapi?"

Gundi alivitazama muda mrefu.

"Sijui."

"Jaribu tu, hata ukikosea."

"Sijui, baba."

Hata kibanio kimoja alichokuwa amekuja nacho mkononi alikataa kukihesabu. Mtoto aliyekuwa na jibu la kila kitu, hata la vitu asivyoulizwa, alikuwa amejifunza neno jipya, na aliyemfundisha alikuwa amepiga magoti mbele yake. Jumatatu ilikuwa sijui. Jumanne sijui. Alirudi kukaa kwenye debe lake, alimpa baba yake nyundo, lakini ikitajwa namba tu macho yake yalikimbilia chini. Jioni fundi alifunga kibanda bila kumwinua mtu begani.

Jumatano akaja kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi, mguu mmoja na mkongojo uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Mguu wa pili aliupoteza kwenye ajali zamani, na tangu hapo ameutungia hadithi nyingi, kila moja kwa aina yake ya msikilizaji. Alikaa kwenye benchi, akavua kiatu chake kisigino kikiwa kimelika upande, akampa Gundi.

"Mwambie bosi wako nakitaka leo leo. Mimi sina cha kubadilisha."

Gundi alikipokea, akatafuta mwenzake chini ya benchi, hakuona. Kwa kazi aliyoizoea akainama na kukitia kwenye beseni.

"Ehee! Simama hapo hapo," kinyozi akasema. "Mbona kiatu changu unakitupa kwa mayatima?"

"Hakijakamilika," Gundi akaeleza kwa adabu. "Kinasubiri mwenzake."

Fundi alitaka kuingilia. Aibu ilimshika kwa niaba ya mtoto, akafungua mdomo, kisha akakumbuka mdomo huo ulivyomtenda wiki ile. Akaujaza misumari.

"Kitamsubiri mpaka kizeeke," kinyozi akasema. "Hakuna mwenzake. Hicho hapo ndio vyote."

"Sasa mbona ni nusu?"

"Nusu? Mimi nikienda dukani nakuwa nimevaa nusu ya kiatu? Hebu niangalie. Mguu nilionao huu hapa. Kiatu chake hicho hapo. Kimebaki nini?"

Gundi aliutazama mguu, akakitazama kiatu. Akapita upande wa pili wa benchi kuhakikisha, na kinyozi akamsogezea suruali iliyokunjwa ili aone vizuri.

"Hakijabaki kitu."

"Na mimi je, nimekamilika au sijakamilika?"

Hili lilihitaji kufikiriwa. Gundi alimkagua kuanzia kipara hadi mkongojo, akichukua muda wake, na kinyozi akanyoosha shingo kama anayepigwa picha.

"Umekamilika," mtoto akasema. "Ila unaongea sana."

Kinyozi alicheka mpaka mkongojo ukaanguka. "Basi nihesabie kiatu changu. Nimekuja na vingapi?"

Fundi alishusha macho akajifanya anatafuta uzi.

"Kimoja," Gundi akasema.

Alikitoa kwenye beseni, akakifuta vumbi kwa gauni lake, akakiweka rafuni peke yake bila uzi. Akasimama akikitazama. Kisha akauliza, bila kumwelekea mtu yeyote, "Kwa hiyo na hivi vilivyofungwa, kila kimoja ni kimoja?"

"Kila kimoja ni kimoja," fundi akajibu na misumari mdomoni.

"Hata vya kwenye beseni?"

"Hata vya kwenye beseni. Nilikosea kusema havihesabiwi. Vipo. Kitu kikiwepo kinahesabiwa."

Gundi akaanza. Aliweka kidole kwenye kila kiatu, cha kulia na cha kushoto, akatikisa kichwa kila mara kama anayesalimiana navyo upya. Aliruka kumi na tatu, kinyozi akamrudisha. Alichanganyikiwa baada ya kumi na saba akaanza tena mwanzo kwa hiari yake. Alipomaliza rafu akaingia kwenye beseni, akatoa kiatu kimoja kimoja, hata kile cha mbwa. Fundi alishona kisigino cha kinyozi ovyo kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya, ikabidi akifumue na kurudia.

Ijumaa mama Gundi alifunga kazi akaandamana nao shuleni. Sare hakuileta. "Tusiitie mkosi," alisema, ingawa alikuwa ameipiga pasi upya. Wazazi wale wale walikuwa kwenye benchi, wengine wameleta watoto wadogo zaidi. Safari hii fundi aliwasalimia kwanza.

Mwalimu alimwaga vizibo, akapanga tisa. Gundi alivitazama. Mkono wake ulitoka, ukasogeza viwili vya kwanza vikakaa pamoja, na fundi akaanza kunyanyuka kitini. Mke wake akamfinya paja. Mtoto akasita. Akavitenganisha tena, akaanza kuvisogeza upande kimoja kimoja, midomo ikitembea.

"Tisa," akasema.

"Nikitoa kimoja?"

"Nane."

Mwalimu hakuridhika upesi hivyo. Alikuwa ameona watoto wengi waliokaririshwa wiki moja wakasahau wiki iliyofuata. Alimwita Gundi dirishani. Nje, watoto wa darasa la kwanza waliokwisha kupokelewa walikuwa wakipelekwa bombani kunawa, wamepangwa wawili wawili, wameshikana mikono.

"Wale pale, wako wangapi?"

Gundi alishika ukingo wa dirisha. Alitazama mstari ule muda mrefu mpaka mwalimu akaanza kuchukua kalamu.

"Mwalimu, unataka niwahesabu wawili wawili, au mmoja mmoja?"

Kalamu ikasimama. "Kwani kuna tofauti gani?"

"Wawili wawili unamaliza haraka." Mtoto akanyoosha kidole kwenye mwisho wa mstari, ambako mvulana mmoja mdogo alitembea nyuma ya wengine, hana mkono wa kushika. "Lakini yule hatakuwemo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nahesabu mmoja mmoja. Na yeye awemo."

Akawahesabu. Walikuwa kumi na watano, na hakumruka hata mmoja. Mwalimu alihesabu pamoja naye kimya kimya, na alipofika kwa yule mvulana wa mwisho aliendelea kumtazama hata baada ya hesabu kuisha. Kisha akavua miwani akaifuta kwa pindo la gauni lake.

"Aliyekufundisha hivi nani?"

"Baba," Gundi akasema. "Ila na yeye alikuwa anakosea."

Mama Gundi alikohoa ili asicheke. Fundi alikubali kwa kichwa. Ilikuwa kweli, na kweli haina haja ya kutetewa.

"Sare anayo?" mwalimu akauliza.

"Anayo, mwalimu! Imenyooshwa," mama akasema haraka mno.

"Basi Jumatatu." Mwalimu aliandika, akafunga kalamu, akamgeukia mtoto. "Ila leo nisaidie kazi moja. Nenda kamshike yule mkono mpaka bombani."

Gundi hakumtazama baba yake kuomba ruhusa. Alitoka mbio, viatu vikigonga sakafu ya ukumbi, akatokea uani, akaufikia mstari na kunyoosha mkono. Yule mvulana aliutazama kwanza, kisha akaushika. Mstari ukaendelea mbele. Fundi alibaki dirishani akijaribu kuwahesabu upya, mmoja mmoja, na binti yake akiwemo. Alifika wa nne, machozi yakamvurugia hesabu, akaanza tena, akashindwa tena, na mkewe akamwacha aendelee.